Bi Kazija na Wasia Ambao Haukuandikwa

"Bibi Kazija, wewe nani wetu?"

Aliyeuliza ni Khairiya, naye ndiye anayeyaandika haya. Siku hiyo alikuwa na miaka saba, kakaa kwenye mkeka ukumbini, nyumba ya Kiponda, anasukwa. Skuli mwalimu alikuwa amewaambia wachore jamaa zao wote, na chini ya kila mmoja waandike ni nani kwao. Khairiya alikuwa ameshamchora babu yake Anwar. Alikuwa ameshamchora Bi Ummkulthum, mama wa babu, na fimbo yake. Mpaka paka alikuwa ameshamchora. Alipofika kwa Bi Kazija kalamu ikakataa kwenda.

Bi Kazija alicheka, akavuta utungo wa nywele mpaka ngozi ya kichwa ikauma.

"Tuliza kichwa. Kamuulize babu yako."

Babu Anwar alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa. Yeye alikuwa na nyumba yake Amani, lakini kahawa ya asubuhi alikuwa akija kuinywa kwa mama yake. Wala hakugeuka.

"Kazija? Andika ndugu wa babu."

Basi akaandika. Lakini mtoto ana macho. Babu Anwar na mama yake walikuwa na rangi moja na pua moja, ndefu, imekaa katikati ya uso kama imepimwa kwa rula. Bi Kazija alikuwa mweusi, mfupi, uso wa mviringo, na kila mwaka alikuja mtu kutoka Matemwe kumletea pweza mkavu, akimwita dada. Huyo mtu wa pweza kwa babu Anwar hakuwa ndugu. Inakuwaje? Khairiya hakupata jibu, na kwa kuwa hakulipata, aliendelea kuuliza kwa miaka. Aliyoyapata ndiyo haya.

Mama mzazi wa Kazija alikuwa akija mjini na mikeka ya ukili, na mteja wake mkubwa alikuwa Bi Ummkulthum. Safari ya mwisho alikuja na tumbo kubwa na mikeka kichwani, uchungu ukamkamatia mjini. Alijifungua hospitali, akafa kabla jua halijazama. Mumewe, Nahodha Simai, mvuvi, akabaki amesimama na kitoto kinalia, hajui akipeleke wapi. Mjini alikuwa hamjui mtu yeyote isipokuwa yule bibi anayenunua mikeka.

Bi Ummkulthum alikuwa na Anwar kifuani, bado mchanga. Alifungua mlango, akamtazama yule mwanamume, akakitazama kile kitoto, akanyoosha mikono.

"Nipe. Huyu ana njaa. Maneno tutazungumza baadaye."

Akampa ziwa la pili. Hivyo ndivyo Kazija alivyoingia nyumba ile. Upande huu Anwar, upande huu yeye. Walipokaribia kuacha ziwa, Nahodha alirudi na kuku wawili na shukurani nyingi, amekuja kumchukua mwanawe. Kazija alijificha nyuma ya kanga ya Bi Ummkulthum akalia mpaka akatapika. Nahodha akaacha kuku, akarudi Matemwe peke yake.

Wapo watoto wa shamba waliolelewa mjini wakafanywa watu wa kufagia na kutumwa dukani. Kazija hakuwa hivyo, na hili Bi Fatma, jirani wa ukuta kwa ukuta, yuko tayari kuliapia mpaka leo. Alikula sinia moja na Anwar. Alikwenda chuo kimoja cha Qur'ani na skuli moja na Anwar. Mgeni mmoja kutoka Pemba aliwahi kumwambia, "We mtoto, niletee maji." Bi Ummkulthum akaingilia: "Maji yako kwenye mtungi, nawe una miguu. Huyo mwanangu." Mgeni alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayecheka naye, aliinuka akayafuata maji mwenyewe.

Kazija alikuwa msichana mkubwa alipokuja Khalil. Huyu alikuwa ndugu wa Bi Ummkulthum, baba mmoja, mdogo wake sana, aliyekulia Maskati tangu utotoni. Alikuja kutembea akaishi nyumba ya jirani, kwa shangazi yake. Alikuwa na sauti ya taratibu na mzaha mwingi. Alikuwa akisimama chini ya ngazi na kuita, "Hodi, wenye nyumba, mmebakisha mkate?" hata siku ambazo mkate haukupikwa. Kazija akaanza kupika kila siku. Hawakugusana hata mkono. Walizungumza tu, yeye juu ya ngazi, Khalil chini, mpaka siku Khalil alipovaa kanzu ya pasi, akaja kwa dada yake kumposa Kazija.

Bi Ummkulthum alijipiga kifua.

"Toba! Khalil, huyu kanyonya ziwa langu. Wewe mjomba wake!"

"Mjomba wa wapi? Huyu mtoto wa mtu wa Matemwe."

"Wa Matemwe, lakini maziwa yangu. Haramu. Kamuulize sheikh yeyote umtakaye."

Alikwenda kuuliza. Aliuliza kwa masheikh wawili, akitumaini wa pili atatofautiana na wa kwanza. Hawakutofautiana: aliyenyonyeshwa na mwanamke amekuwa mwanawe, na ndugu wa mwanamke huyo ni mjomba. Khalil akarudi Maskati bila ya kuaga ngazini.

Kazija alijifungia chumbani. Alipotoka, macho yamevimba, Bi Ummkulthum alimkalisha karibu yake akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Inauma, najua. Lakini ndiyo maana yake. Wewe si mtoto wa kuambiwa tu. Wewe mwanangu kweli, mpaka sharia inakujua."

Kazija aliyashika maneno hayo kama mtu aliyepewa kitu badala ya kitu. Mume amemkosa, lakini kwa sababu gani? Kwa sababu yeye ni mtoto wa nyumba hii. Basi ni mtoto wa nyumba hii. Baadaye aliolewa Amani na fundi seremala mmoja, Mcha, mtu mwema lakini mwenye wivu wa kitoto, hataki mkewe aende Kiponda kila kukicha. "Una nyumba mbili," alikuwa akimwambia. "Chagua moja." Akachagua. Akarudi na kibegi chake, bila mtoto, bila majuto, na Bi Ummkulthum akampokea mlangoni kama aliyetoka sokoni.

Nahodha Simai alipokufa, ndugu wa Kazija kwa baba, Kificho, yule yule mtu wa pweza, alikuja mjini na kofia mpya. Alikaa ukumbini, mbele ya Bi Ummkulthum na Bi Fatma na wanawake wengine waliokuja kutoa pole, akasema alichotumwa.

"Dada, mzee kaacha minazi, na kile kiwanja cha pwani. Tumekwenda kwa mwalimu katupigia hesabu. Una fungu lako."

Kazija alitabasamu. Alijua anatazamwa.

"Gawaneni wenyewe, Kificho. Mie nina kwetu."

"Dada, fungu lako ni lako. Usije ukasema tulikudhulumu."

"Nimesamehe. Nasema mbele ya watu hawa, nimesamehe. Minazi nikaipande wapi mie, darini?"

Wanawake wakacheka. Kificho naye alicheka, kwa mdomo tu. Alikunywa chai yake, akaaga. Bi Ummkulthum siku nzima alikuwa na furaha, akimhadithia kila aliyepita barazani: mwanangu kaletewa mali ya urithi, kaikataa, kasema ana kwao. Na Kazija jikoni, akisikia, alijihisi mrefu.

Kile kiwanja cha pwani wakati huo kilikuwa kichaka na kaa. Nani angetaka kiwanja cha kaa?

Miaka ikaenda. Bi Ummkulthum akapatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa. Anwar alileta madaktari na kiti cha magurudumu ambacho hakikuweza kupanda zile ngazi. Yaliyobaki yalikuwa ya Kazija: kumgeuza, kumkosha, kumlisha uji kwa kijiko kidogo, kumsomea. Khairiya aliyaona haya kwa macho yake, maana skuli yake ilikuwa karibu na alikuwa akishinda Kiponda mpaka babu yake apite kumchukua.

Siku moja Bi Fatma alikuja na bakuli la tende. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akazungumza ya huku na kule, kisha akapunguza sauti. Haikusaidia, kwa sababu Bi Fatma sauti yake ya chini ni sauti ya watu wengine ya juu, na Kazija alikuwa nyuma ya pazia anakunja shuka.

"Bi mkubwa, nikwambie neno, usikasirike."

"Nikikasirika nitakupiga na nini? Mkono wenyewe huu."

"Mwandikie Kazija wasia. Una thuluthi yako, unampa umtakaye. Mwite sheikh, waite mashahidi, liishe. Dunia hii haina dhamana."

Bi Ummkulthum akasema, ulimi mzito lakini kila neno limetoka zima:

"Wasia anaandikiwa nani, Fatma?"

"Anaandikiwa… asiyekuwa mrithi."

"Mtu baki."

"Ndiyo, lakini…"

"Basi n'tamwandikiaje mwanangu wasia wa mtu baki? Nimkalishe mbele ya mashahidi niseme huyu si wangu? Ndugu yangu mwenyewe nimemrudisha Maskati kwa sababu ya ziwa hili. Halafu leo niseme si mwanangu?"

"Mimi sijui sharia yake, Bi mkubwa. Ndiyo nikasema tumwite anayejua."

"Kaulize mambo ya nyumba yako. Yangu nayajua."

Bi Fatma alitoka amefura. Mlangoni alimkamata Kazija mkono.

"Mwambie wewe. Wewe anakusikiliza."

"Nimwambie nini? Mama, andika, nakungojea ufe?"

"Kazija, acha hayo."

"Wewe umesikia alivyosema, Bi Fatma?"

"Nimesikia."

"Basi," alisema Kazija, na uso wake ulikuwa umejaa nuru hata Bi Fatma akamwachia mkono. Kuna watu wanangojea maisha yao yote kusikia neno kama lile. Yeye amelisikia akiwa amesimama nyuma ya pazia na shuka mkononi. Angeenda kuliharibu kwa kumwita sheikh?

Bi Ummkulthum alifariki mwezi wa mvua. Kazija alikuwa miongoni mwa wanawake waliomkosha, na yeye ndiye aliyemimina maji upande wa kulia. Watu walipoingia kutoa pole walimwendea yeye kwanza. "Pole kwa mama, Kazija." "Mungu akupe subira kwa mama." Anwar, upande wa wanaume, alikuwa akipewa pole hizo hizo. Siku zote za matanga hakuna hata mtu mmoja aliyetofautisha.

Baada ya hitma ya arubaini Anwar alikwenda kwa sheha wa mtaa kutaka barua ya warithi. Sheha, kijana aliyehamia mtaa ule karibuni, akauliza: marehemu kaacha nani? Anwar akajibu: mtoto mmoja, mimi. Alisema hivyo bila ya kupepesa, na kwa hesabu ya sharia alisema kweli. Kazija alijua siku watu wawili waliovaa miwani ya jua walipoingia ndani wakapiga picha dari, ngazi, mpaka choo. Mmoja alifungua mlango wa chumba chake akasema kwa mwenzake, "Hiki kitafaa kuwa mapokezi."

"Anwar, hawa nani?"

"Wanunuzi. Wanataka kufanya hoteli. Nilikuwa nikwambie."

"Uniambie au uniulize?"

Anwar alijikuna shingo. "Kazija, usinitie taabuni. Nyumba mbovu hii, unaona mwenyewe ukuta wa nyuma umetumbuka. Mimi sina nguvu ya kuijenga."

"Mie n'takaa wapi?"

"Kwangu. Kuna chumba cha uani. Na wifi yako Salha peke yake hawezi kazi za nyumba, mgongo unamsumbua."

Ndipo Kazija alipoelewa kwamba anaposwa tena, safari hii kazi ya nyumbani.

Bi Fatma ndiye aliyemchukua mkono kwa mkono mpaka kwa kadhi. "Na mimi nitasimama nitoe ushahidi," alisema njia nzima. "Nilisikia kwa masikio yangu alivyokupenda."

Kadhi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapouliza swali.

"Bi Ummkulthum alikuwa nani kwako?"

"Mama yangu."

"Alikuzaa?"

"Aliyenizaa alikufa siku niliyozaliwa. Huyu alininyonyesha, akanilea, akanioza."

Kadhi akamgeukia Anwar, aliyekaa na kanzu nyeupe, mikono juu ya magoti. "Kweli?"

"Kweli, sheikh. Siwezi kukataa. Ndugu yangu wa kunyonya."

"Basi mama," alisema kadhi, na miwani ikawa mkononi, "ziwa limekufanya mwanawe kwenye ndoa, na kwenye kuonana na kukaa pamoja. Kwenye mirathi haliingii. Mirathi ni ya damu na ya ndoa."

"Ziwa hilo hilo, sheikh?"

"Hilo hilo."

"Mie nilikatazwa mume kwa ziwa hili."

Kadhi aliifuta miwani kwa ncha ya kanzu. "Walikukataza kwa haki," alisema. "Na mimi nakwambia kwa haki. Lakini palikuwa na mlango. Angeweza kukuusia mpaka thuluthi ya mali yake, na hakuna ambaye angeipinga. Aliusia? Hata kwa mdomo, mbele ya watu?"

"Yupo shahidi," alisema Kazija.

Bi Fatma akainuka. Alivuta buibui lake vizuri, akaapishwa. Njia nzima alikuwa na maneno, sasa yamemkimbia.

"Ulimsikia marehemu akimuusia huyu chochote?"

Bi Fatma alimtazama Kazija. Kazija alimtazama Bi Fatma. Sentensi moja tu ya uongo, fupi, ingetosha. Chumba kizima kiliingojea.

"Nilimwambia amuusie," alisema Bi Fatma. "Kwa nia njema nilimwambia."

"Naye akasema?"

"Akasema…" Machozi yakaanza. "Akasema hamuusii, maana wasia ni wa mtu baki, na huyu ni mwanawe."

Karani aliacha kuandika, akamtazama kadhi kama anayeuliza na hili aliandike vipi. Kwa neno lile la mapenzi, neno alilokuwa akilala nalo kila siku, Kazija alitolewa nyumba ya Kiponda, na aliyelileta ni shahidi wake mwenyewe.

Kadhi alivaa miwani. Alimwambia Anwar kwamba sharia imempa yote, hapungukiwi na kitu, lakini Qur'ani imewataja pia wale wanaohudhuria ugawaji na wao hawarithi: wapeni kitu katika hayo, na muwaambie maneno mema. "Huyu kahudhuria," alisema. "Siwezi kukulazimisha. Nakukumbusha."

"Nitamtazama, sheikh," alisema Anwar.

Maneno mema alianza kuyatoa pale pale nje. Kwamba Kazija ni mtu wake wa karibu kuliko wote. Kwamba asimfikirie vibaya. Kwamba mnunuzi anataka nyumba tupu mwisho wa mwezi, na achukue kitanda cha mama na chochote cha jikoni anachokipenda.

"Kitanda!" Bi Fatma alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Kitanda alichokuwa akibadilisha shuka zake kila asubuhi, wewe uko Amani unatazama mpira! Mpe na hicho kiti cha magurudumu basi, apande aondoke!"

"Bi Fatma, mambo ya watu haya."

"Na mimi ni mtu!"

Kazija alikuwa anaangalia viatu vya Anwar. Vilikuwa vimepigwa rangi vizuri sana.

Hakukichukua kitanda. Alichukua kikaango chake na nguo, akaenda Matemwe. Huko hakuwa wa kunyonya wala wa kulelewa, huko ni damu. Sharia ya huko inamjua, alijiambia. Khairiya aliwahi kumuuliza alikuwa anatarajia nini hasa, na alijibu kwamba alitarajia mnazi mmoja tu, wa kujengea kibanda chini yake.

Alikuta ukuta. Ukuta mrefu, mweupe, umeanza barabarani umekwenda mpaka ufukweni, na ndani yake sauti ya watu wanaogelea kwenye maji matamu hatua chache kutoka baharini. Kile kiwanja cha kaa. Kificho alimpokea vizuri, alichinja kuku, mkewe akamtandikia. Baada ya chakula Kazija aliuliza.

"Tuliuza, dada. Mwenyewe unaona. Kila mtu kajenga chake."

"Na fungu langu?"

Kificho aliinamisha kichwa, akachora chora kwenye mchanga kwa kidole. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumtazama.

"Nilikuja mwenyewe mpaka Kiponda. Nimevaa kofia mpya. Ukasema umesamehe, mbele ya watu. Wakacheka watu, dada."

"Nilisema."

"Siku ile nilirudi nimekaa nyuma ya gari nikijiambia, huyu si wetu tena. Ana ghorofa zake mjini. Sasa leo nikwambie nini?"

"Usiniambie kitu."

"Kaa hapa. Hakuna atakayekufukuza. Watoto watakuwa wanakuletea samaki."

Alikaa muda kidogo. Lakini wanawake wa pale walipokwenda pwani kwenye mwani, yeye hakujua hata kufunga kamba. Walipozungumza kwa haraka, nusu ya maneno yalimpita. Watoto wa Kificho walimwita "yule bibi wa mjini." Hawakumwita kwa ubaya. Walikuwa wanamtaja tu alivyo.

Akarudi mjini, akapanga chumba Jang'ombe, chumba kimoja, ua mmoja na wapangaji wengine, akaanza kupika mikate ya ufuta. Unaukanda unga, unaubandika kikaangoni, kisha unakigeuza kikaango kifudifudi juu ya makaa mpaka ufuta ubadilike rangi. Mikono yake ikajaa alama za moto. Watu wa Jang'ombe hawakujua lolote kuhusu Kiponda. Kwao alikuwa Bi Kazija wa mikate, mkali kidogo, hakopeshi, na ukimshika shika mkate bila kununua utasikia maneno yako.

Khairiya alikuwa akimtembelea akitoka skuli, bila ya kusema nyumbani. Walizungumza mengi, isipokuwa babu. Siku moja walipita pamoja Kiponda kwa bahati mbaya, njia ya sokoni ilikuwa imefungwa. Nyumba imepakwa rangi, mlangoni kasimama kijana mwenye fulana yenye jina la hoteli. "Karibuni, mnatafuta mtu?" aliwauliza kwa adabu. Bi Kazija alimwambia hapana, tumepotea njia.

Mwaka huu, Khairiya akiwa kidato cha tatu, babu Anwar naye alianguka bafuni. Kiharusi, upande wa kulia, kama mama yake. Mtoto wake, baba wa Khairiya, yuko Dar kikazi. Mkewe, Salha, hawezi kumnyanyua. Aliletwa mwanamume wa kuuguza, akakaa wiki moja akaacha, akisema mzee anatukana. Jamaa wakakutana sebuleni Amani, wakazungumza, wakamtuma Khairiya Jang'ombe, maana walijua siku zote kwamba huwa anakwenda.

Alimkuta Bi Kazija uani, mbele ya makaa, unga mpaka viwikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona leo uso umeuvaa wa msibani? Nani kafa?"

"Hakufa mtu. Babu kapooza."

Bi Kazija alimalizia kuutandaza mkate aliokuwa nao mkononi. Alinyunyiza ufuta. Ufuta ulimwagika mwingi upande mmoja.

"Kakonda?"

"Sana. Na mgongo umeanza kuchubuka."

"Wanamwacha ubavu mmoja. Waambie wamgeuze, wasingojee mpaka alie. Uji wamkalishe ndiyo wamlishe, asinywe amelala."

"Wamesema uje wewe." Khairiya alisema haraka, alitaka liishe. "Wamesema wewe ndiye unayejua kuuguza. Na kwamba wewe unaweza kumkosha na kumvisha, hakuna haramu, kwa sababu mmenyonya ziwa moja. Wamemuuliza sheikh kabisa."

"Wamemuuliza sheikh?"

"Ndiyo."

"Wakajibiwa mie ni ndugu yake?"

"Ndiyo, bibi."

Bi Kazija akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumbo, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akachungulia. Kisha kikakatika ghafla. Alikichukua kikaango kwa kitambaa, akakigeuza juu ya makaa, akakishikilia hivyo uso pembeni kuukwepa moto.

"Yeye mwenyewe amesema nini?"

"Maneno hayatoki vizuri. Lakini jina lako analisema. Analisema mara kwa mara."

Kwa muda Khairiya alidhani ameshinda. Aliona macho ya Bi Kazija yamekwenda mbali. Ufuta ukaanza kunukia. Bi Kazija alikigeuza kikaango, akaubandua mkate, akaufunga kwenye gazeti, akamwekea Khairiya mapajani.

"Mpelekee. Mgonjwa hanyimwi chakula. Mwambie ni wa moto, asubiri."

"Kwa hivyo huji?"

"Siji."

"Bibi, watasema una moyo mgumu."

"Waseme. Na wewe useme ukitaka, sitakuchukia."

Khairiya alilia. Alikuwa ameshakuwa mkubwa, na alilia kama mtoto, mkate unamchoma mapaja kupitia gazeti. Alisema nyumbani hakuna mwingine, alisema babu ni mtu mzima, na mwisho, kwa kuwa maneno mengine yamemwishia, alisema, "Lakini wewe ni wetu. Bibi, kwani wewe nani wetu?"

Bi Kazija alijifuta unga mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.

"Uliwahi kuniuliza hivyo ukiwa kitoto, nikakutuma kwa babu yako. Sasa nakujibu mwenyewe. Mie Kazija binti Nahodha, nnauza mikate Jang'ombe. Wenu nilikuwa zamani, mama yangu alipokuwa hai."